Maziwa ya Trien

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Wewe uliyekaa kizingitini ingia ndani ufunge mlango, upepo huu wa kusini hauna adabu. Mwenye biskuti mdomoni ameze kwanza. Na kama kuna mtoto anayenyonya humu, mama yake ampe ziwa sasa ashibe, maana hadithi hii haipendi kusikilizwa na mtoto mwenye njaa. Mmenyamaza? Nyamazeni tena kidogo. Haya.

Ilianza na aproni iliyolowa.

Aproni hiyo ilining'inia kwenye msumari, jikoni mwa nyumba kubwa ya shamba la Troosfontein, na aliyeiona kwanza ni Ouma Lenie September; ouma ni bibi kwa lugha yetu. September lilikuwa jina la ukoo wao. Babu wa babu yake alinunuliwa mwezi huo, na aliyemnunua hakutaka kujisumbua kutafuta jina jingine. Ouma Lenie alizaliwa Troosfontein, mama yake alizikwa Troosfontein, na siku alipohama alijiapiza kuwa mguu wake hautakanyaga tena pale.

Lakini mjukuu ni mjukuu. Rozlin alilelewa mgongoni mwa Ouma tangu mama yake mzazi alipofariki, na sasa alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Kezia, ambaye hata jino hakuwa nalo. Baba wa mtoto alikuwa Devon Arendse, fundi magari, kijana mwema asiyejua kunyamaza. Pasta alikuwa amesema wazi: ndoa kwanza, ubatizo baadaye. Rozlin akaona kwenye simu picha za Troosfontein, ambako siku hizi hukodishwa kwa harusi, taa zinaning'inia, maua meupe kila mahali, akapagawa.

"Ouma, si ndiko ulikozaliwa?"

"Nilizaliwa. Sikusema nilipapenda."

"Basi twende ukaingie kwa mlango wa mbele safari hii. Ukae meza ya mbele, wao ndio wakuletee chai."

Maneno hayo yalimpata Ouma mahali pabovu. Alivaa kofia yake ya kanisani, wakaenda.

Aliyewapokea alikuwa Marlize, msichana wa Kizungu mwenye sauti ya asali, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza maharusi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Aliwaonyesha ghala la mvinyo lililogeuzwa ukumbi, mapipa yamesimamishwa yakawa meza. Akawaonyesha zizi la farasi lililogeuzwa baa.

"Kwa hiyo wageni watakunywa pale pale walipokuwa wakinywa farasi?" Devon akauliza. "Safi. Wajomba zangu watajisikia nyumbani."

"Nyamaza, wewe," Rozlin akamkanya, huku anacheka.

Kisha Marlize akafungua mlango wa nyumba ndogo nyeupe, chini ya mikaratusi. "Na hiki ndicho chumba cha bibi harusi. Hapa ndipo atakapojipamba."

Ouma Lenie alisimama mlangoni. Kuta za ndani zilikuwa zimevunjwa, ndani pakawa chumba kimoja kikubwa chenye kioo na mapazia. Pale pembeni paliwekwa bafu jeupe lenye miguu ya simba, na ndipo kilipokuwa kitanda cha mama yake.

"Hapa tulilala sote," akasema.

"Kweli, shangazi?" Marlize akasema. "Inapendeza sana!" Halafu akatambua alichosema, uso ukamwiva, akawageuza haraka kuelekea jiko la nyumba kubwa.

Jiko walikuwa wameliacha kama zamani, kwa ajili ya picha. Jiko la chuma, sufuria za shaba, na hiyo aproni msumarini. Ilikuwa kavu chini na kavu begani. Lakini kifuani palikuwa na duara mbili za majimaji, upande huu na upande huu, na zilikuwa zikitona sakafuni taratibu. Tone jeupe.

"Bomba linavuja juu," Marlize akasema, ingawa dari ilikuwa kavu kama mfupa. Kisha, kwa kutaka kuchangamsha: "Lakini jiko hili lina baraka zake! Baada ya kila harusi tunakuta glasi zimekwisha oshwa. Kila mfanyakazi anadhani ni mwenzake."

Ouma Lenie alimchukua Kezia kutoka kwa mama yake, akamkumbatia.

Nje, kati ya nguzo mbili nyeupe, palikuwa na kengele.

"Maharusi wakitoka tu, wanapiga kengele," Marlize akasema. "Wageni hupenda sana. Jaribu, dada!"

Ouma alifungua mdomo kumkataza, lakini Rozlin alikwisha kuishika kamba. Akaivuta kwa furaha yake yote, haraka haraka, bila kupumzika, ngangangangangang, huku Devon anapiga miluzi, na sauti ikaenda ikagonga mlima ikarudi. Ouma Lenie aliposhtuka alikuwa anatembea. Miguu yake, ile yenye baridi yabisi, ilikuwa imeshaanza njia ya jikoni bila kumwomba ruhusa.

"Achia kamba!" akapiga kelele. "Rozlin, achia!"

Rozlin akaachia. Kukawa kimya. Na ndani ya kimya hicho Kezia, aliyekuwa amelala fofofo, akafumbua macho, akageuza shingo kuelekea mlango wa jiko uliokuwa wazi na usio na mtu, akatabasamu.

"Nani anachemsha maziwa?" Devon akauliza, ananusa hewa.

Hakuna aliyekuwa anachemsha maziwa.

Sasa niwaambie kengele ile ilikuwa nini. Kila shamba la bonde hili lilikuwa na yake, na kengele ilikuwa na milio miwili. Mlio wa haraka ulikuwa wa kuita: acha unachofanya, njoo. Mlio wa polepole, unapigwa, unaachwa ufe wenyewe, ndipo unapigwa tena, huo ulikuwa chaila. Chaila ni neno letu la kazi. Maana yake basi, weka jembe, nenda kwenu. Mtu wa shamba hakuondoka kazini kwa kuona jua limezama. Aliondoka kwa kusikia chaila.

Mama yake Lenie aliitwa Trien. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho, Flippie, bibi wa nyumba kubwa naye alikuwa amejifungua, na maziwa yake yakakataa. Basi Trien akaitwa akanyonyeshe. Kengele ikilia haraka nje ya saa za kazi, watu wote walijua ni Trien anaitwa. Alikuwa akimtoa Flippie kwenye ziwa huku mdomo wa mtoto bado unavuta, anamweka mikononi mwa Lenie aliyekuwa msichana mdogo tu, anakimbia. Lenie alibaki akimlowanishia kitambaa kwenye maji ya sukari. Mtoto wa nyumba kubwa akanenepa. Flippie akakonda, akakonda, mpaka alasiri moja ya joto akaacha kukivuta kitambaa. Trien alirudi gauni limelowa kifuani, maziwa yanamtiririka mpaka kwenye miguu, akamkuta hivyo. Akakaa chini. Na kabla hajalia, kengele ikalia, ya haraka, naye akainuka akaenda.

Haukupita mwaka naye akafa. Walimzika kwenye mikaratusi bila jiwe.

Waliporudi nyumbani kwao mjini, kwenye nyumba za halmashauri, mambo yalianza kwa upole. Rozlin alikuta vyombo vya mchana vimeoshwa, akamshukuru Ouma. Ouma akadhani ni Rozlin. Kisha Kezia akakataa ziwa.

"Ameshiba," Rozlin akasema. "Ouma, tazama, ameshiba kabisa, lakini mimi sijamnyonyesha tangu asubuhi."

Kweli midomo ya mtoto ilikuwa na maziwa, na kwenye kidevu pia, mengine yamekauka. Mtoto halii. Mtoto anacheka na pembe ya chumba. Siku zikaenda hivyo, na kila alipopelekwa kliniki kupimwa, uzito ulikuwa umeshuka, na nesi akawa anamtazama Rozlin kwa jicho lile wanalotazamwa nalo akina mama walevi.

"Unamnyonyesha kweli, dada?"

"Hataki! Namlazimisha, hataki, anageuza uso kama mtu aliyetoka karamuni!"

Maziwa yakamvimbia Rozlin kifuani akawa halali kwa maumivu. Vimkono vya Kezia vikawa kama vijiti vya kiberiti. Devon, yule asiyejua kunyamaza, akanyamaza.

Alasiri moja, joto limesimama barabarani hata mbwa hawabweki, Ouma Lenie alimwambia Rozlin ajinyooshe kidogo, yeye atamwangalia mtoto. Akaketi kando ya kitanda kidogo na soksi zake za kushona. Akasikia mtu anaimba kwa pua, taratibu, "doe-doe, doe-doe," kama mama zetu wanavyobembeleza. Akadhani ni jirani. Lakini sauti ilikuwa humo humo chumbani, chini kidogo, usawa wa kitanda, na pamoja nayo ikaja harufu ya sabuni ya kufulia na maziwa ya vuguvugu, na Ouma alipoinua macho aliona shavu la Kezia limebonyea kama limelazwa kwenye kitu laini kisichoonekana, na midomo yake inavuta, inavuta kwa nguvu ya mtoto mwenye njaa, na koo lake dogo linameza, na tone likamtoroka pembeni mwa mdomo likashuka shavuni likaingia sikioni, na nywele zake chache zilikuwa zinalala na kuinuka, zinalala na kuinuka, kama zinazopapaswa na kiganja.

Msidhani aliogopa. Woga ulikuja baadaye. Kwanza ilikuja furaha, wanangu, furaha ya kuchoma, kwa sababu harufu ile aliijua kuliko anavyolijua jina lake, na alikuwa hajaisikia tangu utotoni.

"Mama?" akanong'ona, kikongwe yule mwenye mvi.

Wimbo ukakatika. Kitu kikamgeukia, hakukiona, alikihisi kama unavyohisi jiko lenye moto. Kisha "doe-doe" ikaanza upya, na Ouma Lenie akaketi pale analia kimya kimya, akamwacha anyonyeshe.

Jioni ile alimshika Devon mkono jikoni. "Nipeleke Paarl, kwa Boeta Salie."

"Yule Mwislamu anayetoa majini?" Devon akanong'ona. "Ouma, pasta akisikia je?"

"Pasta amempima mtoto uzito?"

Boeta Salie, yaani Kaka Salie, aliwapokea barazani kwake, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, viatu vya raba miguuni. Rozlin naye alikuwapo, na mtoto mkononi. Mzee alimsomea mtoto, akamfukizia ubani, akamtazama Kezia muda mrefu, kisha akakifunika chetezo.

"Lingekuwa jini ningelisomea likatoka likilia," akasema kwa sauti ya chini. "Hili si jini. Huyu ni mama wa mtu."

"Ni mama yangu," Ouma akasema.

"Pole, dada yangu. Anamnyonyesha kwa upendo wote alionao. Lakini maziwa ya maiti hayana uhai. Mtoto anashiba kifo."

Rozlin akapiga ukelele, akajiziba mdomo. "Mfukuze, Boeta! Mfukuze hata kwa moto!"

"Simfukuzi. Hakuja kwa ubaya, aliitwa. Nani alimwita?"

Wakatazamana. Rozlin akaitazama mikono yake.

"Nilipiga kengele," akasema. "Ile ya harusi. Niliipiga tu kwa kucheza."

"Aliyeitwa kazini haondoki mpaka aambiwe kazi imekwisha," Boeta Salie akasema. "Pale shambani, kengele ikishapigwa siku hizi, nani anawaambia?"

Ouma Lenie akaelewa. Kila Jumamosi maharusi wanacheka, wanaipiga kengele haraka haraka, mlio wa kuita, kwa kuwa hawajui kuna mwingine. Wanaita, wanaita, kisha wanakwenda kukata keki. Mama yake alikuwa anaamshwa, anafunga aproni, anaosha glasi za watu, anasubiri chaila. Hakuna anayeipiga. Na safari hii aliyeita alikuwa damu yake mwenyewe, akiwa na mtoto mkononi.

"Mimi ndiye nitakayemwambia?" akauliza. "Walimnyang'anya mtoto mmoja. Leo mimi nimnyang'anye wa pili?"

Boeta Salie alimmiminia chai, akamshikia kikombe mpaka akanywa.

Kesho yake walifika Troosfontein jua likiteremka nyuma ya mlima. Hapakuwa na harusi. Marlize alitoka akiwa na funguo, akamwona Kezia, akaona vile vimkono, na sauti ya asali ikamkauka. "Fanyeni mnachotaka," akanong'ona. "Mimi sikuwapo."

Rozlin alisimama karibu na nguzo, mtoto kifuani, Devon amewakumbatia wote wawili kwa nyuma. Ouma Lenie akavua kofia yake ya kanisani. Akaishika kamba. Akapiga, akaacha mlio uende mpaka mlimani ufe. Akapiga tena, akaacha ufe.

Harufu ya maziwa ikafika.

Ilitoka jikoni, na juu ya mawe ya uani yaliyokuwa bado na joto la mchana zikaanza kuonekana nyayo za majimaji, nyayo za mtu asiye na viatu, hii, na hii, zinakuja bila haraka, na Kezia mikononi mwa mama yake akajinyoosha kuzielekea, akafungua mdomo, akachezesha miguu, na Rozlin akambana huku meno yanagongana na Devon anasema "Baba yetu uliye mbinguni" hafiki mbali anaanza upya, na nyayo zikapita mbele yao zikasita, zikageuka, zikamjia Ouma Lenie, zikasimama mbele yake karibu hata akahisi gauni lake mwenyewe linalowa kifuani, na mkono wake kwenye kamba ukakataa kushuka. Kwa sababu alikuwa na mama. Hapo uani, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, alikuwa na mama, na angeweza kuiachia tu kamba ile awe naye.

Nyuma yake Kezia akameza mate. Mlio mdogo tu, wa koo tupu. Flippie alikuwa akifanya hivyo hivyo, siku za mwisho.

"Mama," Ouma akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Chaila. Huyu ana mama yake, mtazame, ana maziwa yanamuuma. Umefanya kazi, Mama. Imekwisha. Weka aproni, nenda nyumbani, Flippie hajanyonya bado."

Akapiga. Akaacha mlio ufe.

Kitu chenye vuguvugu kikamgusa shavuni, kikampangusa machozi kama anavyopanguswa mtoto, kwa kidole gumba. Kisha nyayo zikageuka, zikashika njia ya mikaratusi, na safari hii zilikuwa zimeachana sana, nyayo za mtu anayekimbia.

Kezia akalia. Alilia kilio cha njaa, cha hasira, cha kuwatukana wote, na Rozlin akakaa chini palepale kwenye mawe akampa ziwa, mtoto akalidaka, na Devon akapiga magoti akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini Ouma Lenie aliendelea kushika kamba, ameinua kidole kuwanyamazisha. Maana hazikuwa nyayo za mtu mmoja. Kutoka zizini, kutoka ghalani, kutoka kati ya mizabibu ambako hakuna jani lililokuwa linatikisika, miguu mingi ilikuwa inapita, mizito, ya watu waliochoka, na mtu mmoja mahali fulani aliguna kama anayetua mzigo. Walipita kwa muda mrefu, hata nyota zikatoka. Naye aliendelea kupiga mpaka wa mwisho wao akapita.

Harusi ilifungwa kwenye ukumbi wa kanisa, bati linavuja, wajomba wa Devon wakacheza mpaka kiti kikavunjika. Marlize aliwaomba wenye shamba waiondoe kengele. Wakamwambia wageni wanaipenda. Basi kila Jumamosi, maharusi wakishaondoka, Ouma Lenie alikuwa anapelekwa na Devon, anapiga chaila, anarudi. Alifanya hivyo mpaka mauti yalipomchukua, na alizikwa Troosfontein kwenye mikaratusi, kama alivyotaka.

Devon alirithi redio yake na kiti chake cha kuegemea. Marlize aliachiwa kofia ya kanisani, aliilia sana. Rozlin alirithi nyumba, vikombe vya chai vyenye maua, na ile kamba ya Jumamosi.

Na Kezia, ambaye sasa anakwenda shule na ana meno yote, alirithi masikio. Jumamosi moja homa ilimlaza Rozlin, na Devon alikuwa safarini, hakuna aliyekwenda shambani kupiga chaila. Asubuhi Kezia alikuja kitandani kwa mama yake na nguo ya kulalia, akamvuta mkono.

"Mama, kuna bibi jikoni kwetu, amelowa kifuani. Ameshaosha vyombo vyote. Anauliza kama anaweza kwenda nyumbani."